Kompyuta ya nyumbani imechoka? Usikimbilie kununua nyingine

Nyumba nyingi za mijini zina kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ilinunuliwa mtumba, ikafanya kazi vizuri miaka miwili mitatu, kisha ikaanza visa. Ukiiwasha unaweza kubandika chai, ikachemka na kunyweka, na yenyewe bado inazungusha kiduara kwenye kioo. Mtoto wa kidato cha tatu aliyetaka kuandika kazi ya shule anachoka kusubiri na kuomba simu ya mama. Simu ikishafika mkononi, somo ndilo la mwisho kufunguliwa.

Hapo ndipo mjadala wa nyumbani huanza. Baba anasema iuzwe kama chuma chakavu, inunuliwe laptop. Mama anakumbusha kuwa Januari ina ada, sare na michango. Mtoto, ambaye ndiye mtumiaji, haulizwi.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba kompyuta hizi mara nyingi si mbovu. Kuna kifaa kimoja au viwili ndani yake vinavyozichelewesha, na kuvibadilisha kwa kawaida hakufiki nusu ya bei ya kompyuta nyingine. Shida ni kujua kipi kibadilishwe, kipi kiachwe, na namna ya kutoka kwa fundi bila kuuziwa kitu kisichohitajika.

Zilikotoka

Ukizungukia maduka ya Kariakoo au ya katikati ya mji mwingine wowote mkubwa, utaona majina yaleyale: HP Compaq na EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Nyingi zilikuwa kwenye ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba. Kampuni kubwa hubadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka kadhaa, hata kama bado ni nzima, kisha madalali huzikusanya na kuzipakia kwenye makontena.

Asili hiyo ina faida. Kompyuta ya ofisi hutengenezwa ili fundi wa kampuni aifungue haraka. Mfuniko wake mara nyingi hutoka kwa kuvuta kitasa, bila bisibisi, na vifaa vya ndani vimepangwa wazi. (Sanduku hilo wengi huliita CPU. Kwa kweli CPU ni prosesa, kipande kidogo kilichojificha chini ya feni, lakini jina limeshazoeleka na hata fundi atakuelewa.)

Kabla ya kutoa hata shilingi

Anza kwa kuiuliza kompyuta yenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu iliyoandikwa Performance. Hapo utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM, na kwenye matoleo ya karibuni ya Windows 10 utaona pia kama diski ni HDD au SSD. Iache hapo, fungua vitu ambavyo mtoto hutumia kila siku, na utazame. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi huku prosesa ikiwa imetulia kwenye asilimia 15 au 20, mchawi amejulikana. RAM ikipita asilimia 90 kila mara, huyo ni mchawi wa pili.

Andika pia namba ya prosesa. Kwa prosesa nyingi za Intel zenye namba ya tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake: i5-3470 ni kizazi cha tatu, i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Namba hiyo itaamua mambo mengi huko mbele, kwa hiyo ipige picha kwa simu.

Halafu vumbi. Kompyuta iliyokaa sebuleni miaka mitano karibu na dirisha la nyavu huwa imevaa blanketi ndani. Feni inazunguka kwa kelele, joto halitoki, na prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mtu atasema imezeeka, kumbe inahema tu.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu kingine. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na ushikilie feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Sanduku la umeme lenye waya wa ukutani, yaani pawa saplai, lisafishwe kwa nje tu na lisifunguliwe. Ndani yake kuna vifaa vinavyotunza umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea kuna grisi maalumu inayohamisha joto. Baada ya miaka mingi hukauka na kuwa kama chaki. Kuibadilisha ni kazi ndogo: futa ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, rudisha chuma. Ila ukishakinyanyua chuma hicho usikirudishe bila grisi mpya.

Kuna tatizo jingine dogo linalowatoa watu fedha bure. Kompyuta ikipoteza tarehe kila inapozimwa, na tovuti zikianza kukataa kufunguka zikidai muunganisho si salama, mara nyingi ni betri ndogo ya duara kwenye mazabodi, aina ya CR2032. Inafanana na betri za baadhi ya saa na rimoti za gari, na hata mafundi saa huwa nayo. Wapo wazazi walioambiwa mazabodi imekufa kwa sababu ya betri hiyo.

Kifaa kimoja kinachobadilisha kila kitu

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, kiwe SSD.

Hadi diski ya zamani ni sahani za chuma zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na sindano inayotembea juu yake kutafuta data. Inaposoma faili moja kubwa, kama filamu, haina shida. Lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na kila kimoja sindano hulazimika kusafiri, kusubiri sahani izunguke, ndipo isome. SSD haina sahani wala sindano. Inafikia data yoyote karibu papo hapo, mara kadhaa ya makumi kwa haraka kuliko diski ya kuzunguka. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka inaweza kuwaka kwa sekunde zisizozidi thelathini, bila kubadilishwa kitu kingine.

Inayofaa kompyuta hizi ni SSD ya inchi 2.5 inayotumia waya wa SATA. Karibu kompyuta zote za ofisi zilizotajwa hapo juu zina nafasi ya waya huo. Kwenye mashine za zamani zaidi nafasi hiyo huwa ya toleo la pili la SATA, ambalo kasi yake ya juu ni karibu nusu ya toleo la tatu. Hilo lisikuzuie, kwa sababu faida kubwa iko kwenye kufikia vifaili vidogo, na hiyo haipungui.

Muuzaji anaweza kukushawishi uchukue SSD nyembamba kama kipande cha bigijii, akisema ndiyo ya kisasa. Hiyo ni ya M.2, na kompyuta nyingi za kizazi cha tano kurudi nyuma hazina tundu lake. Hata zenye tundu hutofautiana: zipo M.2 za SATA na za NVMe, na moja inaweza isikubali mahali pa nyingine. Kwa mashine ya zamani, inchi 2.5 haina maswali.

Ukubwa? Kwa familia, GB 240 au 256 inatosha. Ya GB 120 huwa nafuu kidogo tu lakini hujaa upesi, na Windows ikikosa nafasi ya kupumua inaanza tena uvivu. Hadi diski ya zamani, kama bado ni nzima, ibaki ndani ya boksi kama ghala la picha, video na vitabu. Wengi hawajui kuwa zote mbili zinaweza kukaa pamoja. Kinachoweza kuhitajika ni waya mmoja wa SATA na kigawio cha umeme, vitu vya bei ndogo.

Uzima wa diski ya zamani hupimwa kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha alama ya njano, hamisha picha zako leo, si Jumamosi. Programu hiyohiyo inaonyesha diski imewashwa kwa saa ngapi tangu itoke kiwandani, na hapo ndipo inapokuwa na thamani zaidi dukani. SSD inayouzwa kama mpya lakini ina saa 9,000 si mpya, hata ikiwa ndani ya nailoni.

Bandia nazo zipo. Kuna SSD na flashi zilizochezewa zionyeshe TB 1 au 2 huku ndani zina sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha zinaandika juu ya yale ya mwanzo. Picha za ubatizo wa mtoto au za harusi hupotea hivyo, na mwenye nazo hagundui hadi siku anayozihitaji. Programu ya H2testw hujaza diski yote na kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Inachukua muda, lakini ifanye ukifika nyumbani, wakati waranti bado ipo. SSD ya TB 2 inayouzwa chini ya bei ya GB 256 usiisogelee.

RAM, kwa tahadhari

Kompyuta nyingi za mtumba huja na RAM ya GB 4. Kivinjari chenye kurasa sita, programu ya kuandikia na kipindi cha mtandaoni tayari vimeijaza. Ikijaa, kompyuta huazima nafasi kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, ndipo kila kitu kinaganda. Kutoka GB 4 kwenda GB 8 kunaonekana kwa macho. Kutoka 8 kwenda 16, kwa kazi za shule, hakuonekani sana. Mwenye kipato kidogo aishie 8.

Makosa ya RAM ni mengi kuliko ya SSD, kwa sababu aina zake zinafanana kwa sura lakini haziingiliani. Mashine za Intel za kizazi cha pili hadi cha nne hutumia DDR3. Za kizazi cha sita na kuendelea nyingi ni DDR4, ingawa chache bado ni DDR3L, yenye umeme mdogo zaidi. Mkato ulio chini ya kila aina umewekwa mahali tofauti, kwa hiyo DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3. Ikigoma, usiilazimishe. RAM za laptop ni fupi, nusu ya urefu wa za mezani. Na kuna mtego wa RAM za seva: ndefu kama za mezani, GB nyingi, bei ya kutupa. Nyingi hazifanyi kazi kwenye kompyuta ya kawaida, ndiyo maana ni za kutupa.

Njia rahisi kuliko zote ni kuchomoa RAM iliyopo na kwenda nayo dukani ndani ya bahasha. Muuzaji asome lebo yake, akupe mwenzake. Mbili zinazofanana zikikaa kwenye matundu sahihi hufanya kazi sambamba na kuongeza kasi kidogo.

Bei ya RAM mpya ilipanda sana duniani kuanzia mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vikubwa vya akili bandia. Mwenye mashine ya DDR3 ana afadhali, kwa sababu RAM za mtumba za aina hiyo zimejaa kwenye kompyuta zilizochinjwa kwa vipuri.

Baada ya kuongeza, hakikisha Windows iliyopo ni ya biti 64. Baadhi ya mafundi bado hupiga Windows ya biti 32, ambayo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4. Utakuwa umelipia GB 8 na kula 4.

Vya kuacha

Kubadilisha prosesa kwa kawaida si lazima. Kama mashine ina i3 na ukapata i5 ya mtumba ya kizazi kilekile kwa bei ya chini, sawa, lakini hilo lije baada ya SSD na RAM. Kuhamia kizazi kipya zaidi mara nyingi kunahitaji mazabodi nyingine, na mazabodi nyingine inaweza kutaka RAM nyingine. Hapo hukarabati tena, unajenga.

Kadi ya picha ndiyo ombi la vijana. Mwanao wa miaka kumi na sita atasema ni ya somo la kompyuta. Ni ya gemu. Hata ukiwa na moyo wa kumkubalia, tazama kwanza pawa saplai, maana za mashine hizi ni ndogo na mara nyingi zina plagi za kampuni husika, hivyo huwezi kuweka yoyote. Tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huhitaji waya wake wa umeme, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo. Boksi likiwa jembamba, hata kadi yenyewe lazima iwe fupi.

Wi-Fi nayo isikusumbue. Kompyuta za ofisi nyingi hazina, lakini simu ya Android inaweza kuipa kompyuta intaneti kwa kebo ileile ya kuchajia. Washa USB tethering kwenye mipangilio ya simu, basi. Ila kabla hujamkabidhi mtoto, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows na uwashe kitufe cha "Metered connection". Bila hivyo masasisho ya Windows yatakula bando la wiki nzima kabla somo halijafunguka.

Suala la Windows

Hapa ndipo wazazi wengi wanatishwa mwaka huu. Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, lakini haipati tena viraka vya kuziba matundu yanayogunduliwa na wezi wa mtandaoni. Microsoft imetoa mwaka wa nyongeza wa viraka vya usalama kwa watu binafsi, hadi 13 Oktoba 2026. Mtu hujiunga kwa dola 30, au bila kulipa akiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko. Mlango wake uko kwenye ukurasa wa Windows Update.

Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, au Ryzen za kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo i5-3470 haimo, wala i5-6500. Fundi atakuambia anajua njia ya kuipenyeza, na ni kweli njia zipo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine zilizopenyezwa. Mashine za zamani kabisa, za Core 2 Duo, haziwezi hata kuwaka na matoleo mapya ya Windows 11.

Kibaya zaidi ni ile desturi ya kupiga Windows na Office za wizi kwa elfu kadhaa. Programu inayozifungua kwa kawaida huanza kwa kukuomba uzime kinga ya virusi. Fikiria ombi hilo lingekuwa la mtu mlangoni: zima taa, fungua mlango, usiulize. Kompyuta hiyo ndiyo baba anaingilia akaunti ya benki na mama anahifadhi nakala za vyeti na vitambulisho.

Kwa mashine ya kizazi cha pili hadi cha saba inayotumika kwa shule, Linux Mint ni jibu ambalo wazazi wangepaswa kulisikia mapema zaidi. Ni bure kihalali, inapata masasisho, inatosheka na RAM ya GB 4, na mpangilio wake wa kioo hautamshangaza aliyezoea Windows. Inakuja na LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Tena programu za familia hiyo si ngeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Unaweza kuijaribu Mint kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Anayelazimika kutumia programu fulani ya Windows, kwa mfano ya uhasibu wa biashara ya nyumbani, ndiye atakayeona ugumu.

Kwa fundi

Fundi mzuri ni hazina, na wapo wengi. Lakini hata kwa fundi mzuri, mzazi asiache kompyuta na kuondoka kama anayeacha viatu vya kushonwa. Kubadilisha SSD na RAM ni kazi ya dakika chache. Kinachochukua muda ni kupiga Windows au Linux. Kaa, au rudi jioni ileile.

Kabla ya kuikabidhi, fungua mfuniko na upige picha ndani, lebo za RAM na diski zionekane. RAM mbili za GB 4 zimewahi kurudi zikiwa moja, na mwenye mali hakujua kwa sababu hakujua alichokuwa nacho. Taja kazi unayotaka kabla ya kuuliza shida ni nini: "Nataka SSD ya GB 256 ya inchi 2.5, na RAM ya DDR3 ya GB 4 kama hii." Ukiingia ukisema "inaganda tu, sijui ina nini," umefungua pochi mezani. Uliza bei maduka matatu, uliza waranti ni ya siku ngapi, na udai risiti ya EFD yenye namba ya kifaa. Kabla ya kulipa, kompyuta iwashwe mbele yako, na Ctrl, Shift na Esc zibonyezwe tena.

Na kila kifaa kilichotolewa kirudi nyumbani. Hadi diski ya zamani hasa. Hata ikiwa imekufa kwa macho yako, mwenye ujuzi anaweza kutoa ndani yake picha za watoto, barua na nywila zilizohifadhiwa.

Umeme

Kompyuta ya aina hii na kioo chake, zikila wati 80 kwa saa nne kila siku, zinatumia uniti 0.32 kwa siku, yaani karibu uniti 10 za LUKU kwa mwezi. Si haba, lakini si kiasi cha kuizuia familia. Kinachoumiza ni umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Ile fuse gadi ya friji inasaidia umeme unapopanda au kushuka, ila haishikilii kompyuta isizimike. UPS ndogo ndiyo inayotoa dakika chache za kuhifadhi kazi. Kama haipo kwenye bajeti, mzoeze mtoto kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya, na chomoa kompyuta ukutani umeme ukikatika hadi urudi na kutulia.

Ikiwa haifai tena

Zipo kompyuta ambazo huruma kwao ni hasara. Za Core 2 Duo na wenzake wa enzi hizo, zenye mazabodi ambayo vimtungi vyake vidogo vimevimba vichwa, au zinazotoa harufu ya kuungua zikiwashwa, ziachwe. Kwa nyingine tumia hesabu hii: jumla ya vifaa na ufundi ikizidi nusu ya bei ya mashine ya mtumba ya kizazi cha nane, weka fedha hiyo pembeni, ongezea, ununue ya kizazi cha nane. Hiyo itaingia Windows 11 bila ujanja. SSD uliyokwisha kununua haipotei, itahamia humo.

Ikishapona, isirudi chini ya kitambaa. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada ambavyo kwenye kioo kikubwa vinasomeka bila kukodoa macho. Kwa nyumba isiyo na bando la kila siku, programu ya bure ya Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima kwenye diski, ikiwemo ya Kiswahili, na kuifungua bila intaneti. Hadi diski ile ya zamani iliyobaki ndani ya boksi ina nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo, ila picha za familia ziwe na nakala ya pili kwenye flashi inayokaa kabatini. Na siku ya kufungua mfuniko, mwite mtoto ashike tochi na kusoma lebo kwa sauti, kwa sababu vimaandishi hivyo ni vidogo na macho yake bado ni mazuri kuliko yako.